The Whole Ten Yards: muuaji asiyetisha hachekeshi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua za wasomaji ili nitoe hoja kuhusu pendekezo lililochapishwa hivi karibuni katika ukurasa wenu wa burudani, ambapo filamu mbili za Kimarekani, The Whole Nine Yards ya mwaka 2000 na mwendelezo wake, The Whole Ten Yards wa mwaka 2004, zilitajwa pamoja kuwa vichekesho vya kutazamwa kwa mfululizo katika usiku mmoja, bila neno lolote la kumtahadharisha msomaji kwamba thamani zake hazilingani hata kidogo. Nimezitazama zote mbili, tena kila moja zaidi ya mara moja. Ya kwanza naipenda kwa dhati. Ya pili ilinisikitisha siku nilipoiona kwa mara ya kwanza, na nilipoirudia baada ya kusoma pendekezo lenu ilinisikitisha zaidi, kwa sababu safari hii niliweza kuona ni wapi hasa ilipoharibikia.

Kwa wasomaji wasioijua, filamu ya kwanza inamhusu Nicholas Oseransky, aitwaye Oz, daktari wa meno kutoka Marekani anayeishi kwenye kitongoji cha Montreal nchini Canada, akiwa amebanwa na madeni aliyoachiwa na baba mkwe wake, na akiwa na mke ambaye hamtaki wala hafichi kwamba hamtaki. Nyumba ya jirani inapata mwenyeji mpya, Oz anakwenda kumkaribisha kama ada ya ujirani inavyotaka, na katika mazungumzo yaleyale ya kwanza anatambua kwamba mtu anayempa mkono ni Jimmy Tudeski, muuaji wa kukodiwa anayejulikana kwa jina la ua la tulipu, ambaye ametoa ushahidi dhidi ya genge la akina Gogolak la Chicago na sasa amejificha. Oz anachezwa na Matthew Perry, na Jimmy anachezwa na Bruce Willis. Kuanzia hapo mke wa Oz anamshinikiza mumewe aende Chicago akauze habari za jirani yao kwa genge hilo ili walipwe, na yule mtu mwema, mwoga, asiyewahi kudhuru mtu, anajikuta katikati ya watu ambao kuua kwao ni riziki.

Niliiona filamu hiyo katika banda la video hapa Tanga, enzi ambazo mfasiri alikaa kando ya runinga na kipaza sauti mkononi, akitusimulia kwa Kiswahili yale yanayosemwa na wahusika. Wengi wetu tuliokuwa kwenye mabenchi yale Kiingereza chetu kilikuwa cha darasani tu. Nakumbuka vizuri kwamba katika sehemu ile Oz anapomtambua jirani yake mfasiri alinyamaza, kwa kuwa hakukuwa na la kufasiri: uso wa Matthew Perry ulikuwa umekwisha kusema kila kitu, midomo ikiendelea kutabasamu huku macho yakitafuta njia ya kutokea. Banda zima lilicheka. Baadaye, daktari huyohuyo alipokuja mbio na kujibamiza kwenye mlango wa kioo, mzee mmoja aliyekaa mbele yangu alicheka mpaka akalazimika kutoka nje kupata hewa. Hakuna aliyehitaji kuelezwa kwa nini mtu yule alikuwa na haraka kiasi kile, maana hofu yake ilikuwa na sababu, na sababu yenyewe ilikuwa imekaa nyumba ya pili ikinywa bia.

Hapo ndipo ulipo msingi wa hoja yangu, Mhariri, na ningependa ukurasa wenu uutafakari. Kichekesho kinachomhusu muuaji wa kukodiwa kinatokana na hofu. Mtazamaji anapojua kwamba mikono inayomimina kinywaji ndiyo iliyokatisha maisha ya watu, kila jambo dogo ambalo mikono hiyo inalifanya linakuwa na uzito, na kicheko kinakuja kama pumzi inayotoka baada ya kuzuiwa kifuani. Bruce Willis alilielewa jambo hilo katika filamu ya kwanza kuliko mtu mwingine yeyote. Hajichekeshi, hakunji uso, hapandishi sauti. Anaizungumzia kazi yake kama fundi seremala anavyozungumzia mbao, na lalamiko lake kubwa kuhusu nchi aliyokimbilia ni kwamba watu wake wanapaka mayonezi kwenye baga. Tunacheka kwa sababu hatuna hakika kama mtu aliyepaka mayonezi ile atasalimika. Wahenga waliposema mzaha mzaha hutumbua usaha walikuwa wakionya, lakini mwongozaji Jonathan Lynn aliligeuza onyo hilo kuwa njia ya kazi: katika filamu yake kila mzaha una usaha chini yake, na mtazamaji anakaa akisubiri utumbuke.

Nao hutumbuka. Watu wanakufa katika filamu ile, na vifo vyao vina matokeo. Hata ufundi wa Oz, ambao mwanzoni tunaudhani kuwa ni pambo tu la mhusika, unakuja kufanya kazi, pale anapoyashughulikia meno ya maiti ili yafanane na kumbukumbu za meno ya Jimmy, na ulimwengu uamini kwamba muuaji yule ameungua ndani ya gari. Hiyo ni hadithi iliyojengwa kwa mikono ya mtu anayejua anakokwenda. Na mwishoni, juu ya boti, Jimmy anapolazimika kuchagua kati ya daktari anayejua siri zake zote na Frankie Figs, swahiba wake wa miaka mingi aliyechezwa na Michael Clarke Duncan, anamuua swahiba. Wengi husahau hilo wanapoikumbuka filamu ile kwa vicheko tu. Mimi sijalisahau, maana risasi ile ndiyo inayothibitisha kwamba hofu yetu ya saa nzima na ushei haikuwa ya bure.

Sasa tuitazame The Whole Ten Yards. Jimmy anaishi Mexico na Jill, yule msaidizi wa zamani wa Oz katika chumba cha matibabu, ambaye sasa ni mkewe. Anavaa aproni na viatu laini vya nyumbani, anapika, anasafisha, anafuga kuku na kuwapenda mno. Wazo lenyewe silipingi. Mtu aliyeishi kwa kuua, kisha akajaribu kujizoeza kuishi kwa kupika, angeweza kutupatia kichekesho kizuri na hata chenye majonzi, kama tungeoneshwa kwamba mkono unaokata vitunguu bado unakumbuka kazi yake ya zamani. Lakini mwongozaji Howard Deutch anatuonesha aproni na kuishia hapo. Jimmy analia, anapiga kelele, ananuna, anagombana na mkewe kuhusu unyumba na kuhusu kupata mtoto, na ule utulivu wake uliotutia baridi umepotea kabisa. Kwa muda mrefu hakuna hata sekunde moja ambayo mtazamaji anaweza kumwogopa. Bruce Willis analazimishwa kuchekesha kwa kujichekesha, jambo ambalo katika filamu ya kwanza hakulihitaji hata mara moja.

Yaliyompata Jill yananiuma zaidi. Katika filamu ya kwanza Amanda Peet alipewa nafasi ambayo, kwa maoni yangu, ndiyo bora kuliko zote baada ya ile ya Perry: msichana mchangamfu anayepokea wagonjwa kwa tabasamu, ambaye baadaye tunagundua kwamba aliajiriwa na mke wa Oz amuue daktari, ila akamzoea na kumpenda bosi wake mpaka mkono ukawa mzito. Furaha yake ya kukutana na Jimmy, ambaye kwake ni bingwa wa fani aliyemsoma kutoka mbali, ilikuwa furaha ya mwanafunzi aliyemwona mwalimu. Katika filamu ya pili Jill anajaribu kuwa muuaji kamili, lakini kila mtu ambaye yeye Jill anatumwa kumuua anakufa kwa ajali kabla Jill hajamgusa. Mara ya kwanza unatabasamu. Inaporudiwa unaanza kuhesabu hasara, kwa sababu filamu sasa ina wauaji wawili wa kukodiwa ndani ya nyumba moja, mmoja ameacha kuua na mwingine hajawahi kuua, na hakuna aliyebaki wa kubeba hofu ambayo kicheko kinaitegemea.

Kwa upande wa Oz kosa limekwenda kinyume chake. Yeye aliyekuwa na sababu moja kubwa ya kuogopa, sasa anaishi Los Angeles na Cynthia, aliyekuwa mke wa Jimmy, akiwa ameijaza nyumba vifaa vya ulinzi na kuogopa kila kitu. Mtu anayeogopa kila kitu hawezi kutuambia lipi ni la hatari. Matthew Perry anajitahidi, na nataka niliseme hili kwa heshima zote: hakuna mahali katika filamu hii ambapo alicheza kwa uvivu. Anaanguka, anajigonga, anapiga mayowe, anautoa mwili wake wote kwa ajili yetu. Lakini kujigonga kwake kwenye kioo mwaka 2000 kulitokana na jambo alilolikimbia, ilhali kuanguka kwake mwaka 2004 kunatokana na kwamba dakika kadhaa zimepita bila mtu kuanguka. Mtazamaji huitambua tofauti hiyo hata asipoweza kuieleza.

Kuna pia suala la Lazlo Gogolak, mkuu wa genge lile la Chicago. Kevin Pollak, aliyemcheza mwana, Janni, katika filamu ya kwanza, anarudi kumcheza baba, akiwa amezeeshwa kwa vipodozi, na karibu utani wake wote umeegemea lafudhi: anakosea matamshi ya Kiingereza karibu katika kila sentensi. Katika filamu ya kwanza Janni naye alikuwa na lafudhi, lakini ilitiwa kama chumvi kwenye mchuzi, na nyuma yake kulikuwa na mtu mwenye uwezo wa kuagiza uuawe. Hapa tumepewa bakuli la chumvi. Filamu hii nayo niliikuta katika banda lilelile, na mfasiri wetu, ambaye alikuwa hodari wa kazi yake, alihangaika. Angewezaje kukihamishia Kiswahili kicheko ambacho chote kimo katika herufi iliyotamkwa vibaya kwa lugha nyingine? Alijaribu kumpa Lazlo lafudhi ya kubuni, watu wakamtazama kwa mshangao, akaacha. Kimya kilichofuata nakikumbuka kama ninavyokikumbuka kicheko cha filamu ya kwanza. Hofu haihitaji mkalimani, na waandaaji waliitupa hofu wakabakiza kitu pekee kisichoweza kuvuka mpaka.

Halafu linakuja fumbo la mwisho, ambalo nitalitaja kwa kuwa filamu ina zaidi ya miaka 20 na sidhani kama namharibia mtu utamu. Kwa muda mrefu Oz anaamini kwamba Cynthia, ambaye ni mjamzito, ametekwa na Lazlo na anaweza kuuawa wakati wowote. Mwishoni tunaambiwa kwamba Jimmy na Cynthia walipanga mambo tangu mwanzo ili kumpata Lazlo na fedha zake. Kwa maneno mengine, mke alimwacha mumewe apate kichaa cha hofu kwa ajili ya hila ambayo hakushirikishwa. Ningekubali hata hilo kama filamu ingesimama ikatazama ukatili wake. Upendo wa Oz na Cynthia ulikuwa kitu pekee kisafi katika hadithi ya kwanza: watu wawili ambao wenzi wao waliwathamini kwa fedha tu, wakakutana na kuthaminiana kwa utu. Katika filamu ya pili upendo huo unatumiwa kama chambo, Oz anapewa muda mfupi wa kukasirika, kisha tunatakiwa tucheke na kwenda nyumbani. Isitoshe, fumbo la namna hiyo linaifuta nyuma hofu yoyote kidogo iliyokuwa imesalia, kwani sasa tunajua kwamba aliyetishwa hakuwa hatarini kwa namna aliyodhani.

Nimesikia watu wakisema kwamba kosa ni kumwacha Jonathan Lynn na kumleta mwongozaji mwingine. Sioni kwamba jibu ni jepesi kiasi hicho. Howard Deutch ndiye aliyeongoza Pretty in Pink mwaka 1986, na George Gallo, aliyeuandika mswada wa filamu hii ya pili kutokana na hadithi ya Mitchell Kapner, ndiye aliyeandika Midnight Run ya mwaka 1988, kichekesho cha wahalifu na wawindaji wao ambacho hofu yake haipoi tangu mwanzo hadi mwisho. Hawa hawakuwa watu wasiojua kazi. Tena Lynn mwenyewe alirudi kwa muuaji wa kukodiwa mwaka 2010 katika Wild Target, iliyotengenezwa upya kutokana na filamu ya Kifaransa ya mwaka 1993, akiwa na Bill Nighy na Emily Blunt, waigizaji wawili ambao ningewatazama hata wakisoma orodha ya bei sokoni. Nayo inalegea, na kwa maoni yangu inalegea kwa sababu ileile: muuaji wake, mtu nadhifu aliyerithi kazi hiyo katika familia, anaacha kutisha mapema mno, na baada ya hapo filamu inabaki na ustaarabu wake tu. Kwa hiyo hata aliyeijua siri mara moja anaweza kuisahau.

Kuhusu mapato nitasema machache. Filamu ya kwanza iligharimu takriban dola milioni 41 na kuingiza zaidi ya dola milioni 100 duniani kote; ya pili iligharimu karibu kiasi hichohicho na kuambulia takriban dola milioni 26. Siitumii hesabu hii kama ushahidi, kwa kuwa filamu nyingi nzuri zimekosa watazamaji na nyingi mbaya zimewapata. Naitaja kwa ajili ya wale wanaodhani kwamba watazamaji huridhika na jina la mwigizaji likiwa kwenye bango. Majina yalikuwa yaleyale, na watu hawakwenda.

Nadhani naielewa nia ya mwandishi wenu. Matthew Perry alifariki dunia tarehe 28 Oktoba 2023, akiwa na umri wa miaka 54. Familia ya Bruce Willis ilitangaza mwaka 2022 kwamba anaacha kuigiza kutokana na maradhi yaliyoathiri uwezo wake wa lugha, na mwaka uliofuata ikaeleza kwamba ana ugonjwa wa ubongo unaoathiri tabia na lugha. Michael Clarke Duncan alitangulia mwaka 2012. Ni jambo la kibinadamu kutaka kukusanya kila kitu walichokifanya pamoja na kukiweka mezani kwa wasomaji. Mimi pia nilitokwa na machozi usiku ule niliposikia habari za Perry, na kitu cha kwanza nilichokifanya ni kuitafuta filamu ya mwaka 2000. Lakini kijana ambaye hajawahi kuwaona watu hawa, akianza kwa bahati mbaya na The Whole Ten Yards, atajiuliza wazazi wake walicheka nini. Atamwona Willis amevaa aproni akibembeleza kuku, atamwona Perry akianguka bila sababu, na atazima runinga akidhani amekwisha kuwajua.

Kwa hiyo naomba, Mhariri, kama ukurasa ule utairudia orodha yake, filamu hizo mbili zitenganishwe, na msomaji aelezwe waziwazi kwamba ya mwaka 2004 si ya lazima. Aitazame ya mwaka 2000 peke yake, usiku mmoja, bila haraka, watoto wakiwa wamelala kwa kuwa ni ya watu wazima. Na akifika pale daktari anapompa mkono jirani yake mpya na tabasamu likamgandia usoni, apunguze sauti kabisa, aone kama atashindwa kucheka.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Msomaji wenu wa siku nyingi,
Tanga.